Mpima Mchanga wa Mwamboni

Mwaka niliostaafu nikarudi hapa Kwihara, jirani mmoja alimvuta pembeni mke wa kaka yangu akamwuliza, "Hivi huyu shemeji yako, miaka yote ile Pwani, alikuwa anafanya kazi gani hasa?"

"Alikuwa anapima mchanga."

"Wa kuuza?"

"Hapana, hauuzwi."

"Wa kujengea?"

"Wala. Anaupima, halafu anauacha palepale."

Jirani akatafakari kidogo, kisha akasema, "Pole yake."

Ninyi vijana mmeniuliza swali hilohilo, ila kwa adabu zaidi, mkitanguliza shikamoo. Basi marahaba, wanangu, kaeni niwaeleze. Nasema na ninyi mnaosoma mjini Tabora mkirudi jioni, na ninyi wa bodaboda mnaonibeba bila kunidai haraka. Wengi wenu bahari mmeiona kwenye simu tu. Mnaona mchanga mweupe, mtu amelala juu ya taulo, mnadhani mchanga ule umelala pia. Haulali. Mimi niliufuata karibu maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kuukuta pale nilipouacha.

Nilisomea upimaji wa ardhi. Baba alitaka niwe karani wa tumbaku, mimi nikataka kupima viwanja. Mwisho wa yote nikapangiwa Bagamoyo, kwenye ofisi ndogo ya kufuatilia fukwe. Nilipomweleza mama kwamba nakwenda kupima ufuko, aliniuliza kama kuna watu wanaougombania. Nikamwambia sijui. Kweli sikujua.

Treni ikanipeleka Dar es Salaam, nikapanda gari la Bagamoyo, nikafika na sanduku la bati na viatu vipya vya ngozi. Mtu wa kwanza kunipokea ofisini alikuwa Shomari. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na cheo, mrefu, mweusi wa jua, mwenyeji wa kijiji cha Mwamboni kilichoko kaskazini ya mji. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia sura yangu, akauliza, "Jina?"

"Ramadhani Mihayo."

"Miayo? Una usingizi?"

"Mihayo. Kwetu Unyamwezini maana yake maneno."

"Afadhali. Lakini huku ongea kidogo, tazama sana. Na hivyo viatu vivue."

Kuanzia siku ile hadi leo ananiita Miayo.

Kosa langu la kwanza lilimfurahisha sana hivi kwamba alilisimulia ofisini kila alipokuja mgeni. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo ule wa kiangazi unaotoka upande wa kaskazini. Bahari tulivu, ufuko umejaa, mchanga umepanda juu kama ukuta mpana. Shomari alinituma nikachimbie mambo, yaani vile vijiti vigumu ambavyo vipimo vyote huanzia. Nikaona tuta moja la mchanga, zuri, safi, nikachimbia mambo yangu pale na kuipigilia kwa nyundo mpaka mikono ikauma. Nikaenda likizo, nikarudi upepo wa kusi, ule wa kutoka kusini, umeshika. Hakuna mambo. Hakuna tuta. Pale nilipokuwa nimesimama na nyundo, sasa maji yalikuwa yananifika kifuani.

Shomari alikaa chini akacheka hadi akashika mbavu. "Miayo! Umemfunga mbuzi, kisha kamba umeifunga kwa mbuzi mwenyewe!"

Alipomaliza kucheka alinipeleka nyuma kabisa, kupita ule mmea wa mlakasa unaotambaa mchangani na maua yake ya zambarau, hadi kwenye ardhi ngumu. "Anzia hapa. Ukitaka kukipima kitu kinachotembea, wewe simama penye kisichotembea." Tukachimbia tena, safari hii kwa saruji.

Kupima kwenyewe kulikuwa rahisi kuliko mnavyofikiri. Fito mbili za urefu mmoja, zenye alama, na kamba katikati yake. Mmoja anasimama juu, mwingine anasogea chini kuelekea majini. Wa juu anautazama upeo, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, akiulinganisha na kichwa cha ufito wa chini, na pale jicho linapokata kwenye ufito wake mwenyewe anasoma mteremko. Mnasogea, mnasoma, mnasogea, mnasoma, mpaka wa chini anaanza kumeza maji ya chumvi. Tulifanya hivyo nyakati za bamvua, maji yanapopwa mbali kabisa na ufuko unaonekana wote. Baadaye zikaja darubini za miguu mitatu, baadaye vyombo vya setilaiti, na nilipokuwa nakaribia kustaafu vijana walirusha droni na kupata kwa muda wa kunywa chai kile tulichokipata kwa siku nzima. Sikuona wivu. Niliona raha. Ila droni hairudi nyumbani ikiwa imelowa mpaka kiunoni, na hilo nalikumbuka kwa hamu.

Sasa mchanga wenyewe. Chukueni jabali lolote la huku bara. Jua linalichoma, mvua inaliloweka, mizizi inaingia kwenye nyufa, baada ya vizazi na vizazi linamomonyoka. Sehemu laini inakuwa udongo. Sehemu ngumu, ile inayong'aa, inabaki punje. Mvua inazisukuma mtoni, mto unazisaga na kuzibeba, na ukifika baharini unachoka, unazitua. Hapo mawimbi yanazipokea. Wimbi la siku tulivu hupanda ufukweni limebeba mchanga, na wakati wa kushuka maji yake mengi yanakuwa yameshazama chini, halina tena nguvu ya kuurudisha wote. Linaacha kidogo. La pili linaacha kidogo. Ndivyo ufuko unavyojengwa. Wimbi la dhoruba kazi yake nyingine: ni zito, linafuatana na mwenzake bila nafasi, linaukokota mchanga na kuulaza ndani ya maji kama tuta. Watu huamka asubuhi wakapiga kelele kwamba ufuko umeibwa. Shomari alikuwa akiwaambia, "Haujaibwa. Umewekwa uvunguni. Subirini kaskazi." Na kweli kaskazi ikija, mawimbi madogo yanaurudisha polepole.

Mimi nikiwa mgeni, nilikuwa na wazo langu la siri. Nilifikiri kati ya punje zile lazima zipo za kwetu. Babu zetu walitembea na mizigo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, sasa mchanga ushindwe? Siku moja nilimwambia Shomari tukiwa kwao Mwamboni, tumekaa barazani tunakula. Akachora kwa kidole kwenye vumbi. "Mto wenu mkubwa upi?"

"Igombe."

"Igombe unamwaga Malagarasi. Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika. Mchanga wa Tabora, bwana, unakwenda Kigoma. Hapa unaoukanyaga ni wa Ruvu na Wami, wa milima ya Uluguru na huko."

Sijui kwa nini liliniuma, lakini liliniuma. Mdogo wake, aliyekuwa anatuandalia chakula, aliliona hilo usoni kwangu. Aliitwa Mwanahawa. Alikuwa mkulima wa mwani, mmoja wa wale wanawake wanaofunga mwani kwenye kamba baharini maji yakipwa. Akasema, huku akiweka bakuli la samaki mbele yangu, "Basi kutoka Tabora umefika wewe tu. Kula."

Nikala. Nikauliza samaki gani mtamu hivi.

"Pono. Na kwa kuwa unapenda mchanga, nikwambie. Lile fungu jeupe kule mbele, mnalokwenda kulipima na fito zenu kwa heshima zote, pono ndiye amelitengeneza. Anatafuna matumbawe kwa yale meno yake, anameza, halafu…" Akamtazama kaka yake, akacheka na kujifunika mdomo kwa kanga. "Halafu anakwenda haja."

Nilidhani ananitania. Nikamgeukia Shomari.

"Ni kweli," akasema Shomari. "Mchanga wa mtoni unang'aa. Ule mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na mwingine umepita tumboni mwa pono. Umesomea kupima mavi ya samaki, Miayo."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na sababu nyingi za kwenda kupima Mwamboni, hata wakati ambapo hapakuhitaji kupimwa. Shomari alinitazama misimu miwili, kisha akaniuliza nataka nini kwa dada yake. Nikasema nataka kumwoa. Akauliza, "Utampeleka Tabora?" Nikasema nitampeleka akamwone mama, nitamrudisha. Tukaoana.

Nilimleta hapa Kwihara mara moja tu. Alibeba papa mkavu kama zawadi ya mkwe wake, mzigo mzima, na harufu yake ilitufuata treni nzima hadi abiria wenzetu wakahamia behewa lingine. Mama alitoka nje akamsalimia, "Mwangaluka, mkamwana," halafu akakifungua kile kifurushi akarudi nyuma hatua kadhaa. Aliniita kando. "Ramadhani, huyu samaki amekufa lini?" Lakini Mwanahawa alimpika kwa nazi aliyokuja nayo, na mama alikula, akaongeza, na mpaka anakufa alikuwa akiuliza kama yuko mtu anayekuja kutoka Pwani. Wao wawili walipatana kuliko mimi na mama tulivyopatana. Mwanahawa alijifunza kutwanga karanga kwa mtindo wa huku, na mama alijifunza kusema bamvua, neno ambalo hakuna mtu mwingine Kwihara aliyekuwa na haja nalo.

Tulipata mtoto mmoja, Zuhura. Tulijenga Mwamboni, nyuma ya nyumba ya Shomari. Sitawasimulia furaha ya miaka ile, kwa sababu furaha haina habari nyingi: alikuwa anarudi kutoka kwenye mwani, mimi narudi kutoka kwenye fito, sote tumelowa, tunagombania ndoo ya maji baridi. Kisha akaugua figo. Aliugua muda mrefu, akafariki, tukamzika kwenye makaburi ya kijiji, ambayo yalikuwa nyuma tu ya ufuko, kwenye mchanga mkavu wenye kivuli cha mivinje. Zuhura alikuwa bado sekondari.

Hapo ndipo hoteli ikaja.

Ilijengwa upande wa kusini wa kijiji. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya, msimweke hivyo. Alikuwa mtu wa Nyanda za Juu, mpole, aliyewaajiri watoto wa Mwamboni na kuwaita wazee kwa vyeo vyao. Alijenga karibu na maji kuliko alivyoshauriwa na mhandisi wa wilaya, na bahari ilipoanza kumsogelea akaogopa. Akaleta mawe makubwa, akayapanga kama ukuta unaotoka nchi kavu kuingia baharini, ili mchanga ukae kwake.

Na ukakaa. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo jambo kubwa nililojifunza katika kazi. Mawimbi hayaji ufukweni yamenyooka. Yanakuja kwa mshazari. Punje inapandishwa kwa mshazari, inateremka wima, inapandishwa tena kwa mshazari, na kila mara imesogea pembeni kidogo. Upepo wa kusi unazisukuma punje kwenda kaskazini miezi mingi ya mwaka. Upepo wa kaskazi unazirudisha kusini, lakini hauna nguvu ya kuzirudisha zote. Kwa hiyo ufuko ni kama barabara ya wasafiri. Kijiji kinaishi kwa mchanga unaopita, si kwa mchanga uliokaa. Ukiweka ukuta katikati ya barabara, upande mmoja wasafiri wanajazana, upande wa pili hawafiki. Hoteli ilikuwa upande wa kwanza. Mwamboni ilikuwa upande wa pili.

Kusi la kwanza lilichukua mlakasa wote. Kusi la pili liling'oa mivinje ya mbele, ikaanguka mizizi juu. Baada ya hapo, kila tulipokwenda kupima, kamba yetu ilipita kando ya makaburi, na Shomari akaanza kuniambia, "Leo wewe nenda majini, mimi nitashika ya juu." Hakusema kwa nini. Ufito wa juu ulisimama jirani na kaburi la Mwanahawa. Alikuwa ananiepusha.

Tulikwenda kwa mwenye hoteli, mimi, Shomari na wazee wawili. Alitukaribisha, akaagiza chai, akasikiliza yote.

"Nimewaelewa," akasema. "Lakini mkisema niondoe mawe, ile nyumba ya kulia chakula itaingia majini. Vijana wenu wanafanya kazi humo. Nifanyeje?"

Shomari akamjibu, "Isogeze nyuma."

"Nyumba haisogezwi kama kitanda, mzee wangu."

"Na makaburi je?"

Yule bwana aliinamisha kichwa. Tuliondoka chai imepoa.

Kusi lililofuata likachukua safu ya mbele ya makaburi. Wale walikuwa wazee wa zamani sana, wengine hata majina hayakujulikana tena, lakini watu walisimama pale juu wakilia kana kwamba wamefiwa asubuhi ile. Shehe akasema kwa dharura kama hii inaruhusiwa kuwahamisha waliobaki, na kwamba afadhali ifanywe na mikono ya watu wao kuliko na mawimbi. Kijiji kikatenga ardhi juu, kwenye udongo mwekundu, karibu na mikorosho. Familia moja moja zikaanza.

Shomari akakataa.

"Dada yangu amelala. Mwacheni alale. Kaskazi inakuja, mchanga utarudi."

Mjue huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu. Maneno hayo, mchanga utarudi, niliyasikia kutoka kinywani kwake tangu nilipovua viatu, na miaka yote yalikuwa kweli. Sasa alikuwa anayasema mahali ambapo hayakuwa kweli tena, na mimi nilijua, na nilijua kwamba naye anajua. Nilishindwa kumwambia. Nilikuwa mume, nilikuwa na haki ya kuamua, lakini kumchimbua mtu bila kaka yake kukubali, moyo haukunipa.

Zuhura, ambaye sasa alikuwa chuo cha ualimu, akaja likizo. Akatukuta tumenyamaziana, kila mtu barazani kwake. Akakaa kwa mjomba wake, akamwambia kwa upole, nami nikisikia, "Mjomba, mimi sitaki mama ahame. Naogopa hata kufikiria. Lakini nikiwa darasani kule chuoni, upepo ukivuma tu naacha kuandika. Siwezi kusubiri kaskazi."

Asubuhi yake, maji yakiwa yamepwa, Shomari alikuja mlangoni kwangu amebeba zile fito za zamani, wakati ofisini tulikuwa na vyombo vipya. "Twende," akasema.

Tulipima kutoka juu mpaka chini, kama enzi zile. Safari hii yeye ndiye aliyeshuka. Alikwenda mbele, mbele tena, maji yakamfika magotini, kiunoni, na bado alikuwa anachokonoa chini kwa ufito wake. Nikaelewa anatafuta nini. Alikuwa anatafuta lile tuta la uvunguni, mchanga uliolazwa ndani ya maji ukingoja kurudi. Alitembea kulia, akatembea kushoto, akichoma ufito na kuuchomoa. Hapakuwa na tuta. Palikuwa na mwamba tu, ukigonga ufito kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Alirudi akitiririka maji. Akasimama mbele yangu.

"Hakuna, Ramadhani."

Hakuniita Miayo.

"Nimeona," nikasema.

"Basi tumchukue."

Tulimhamisha kesho yake alfajiri baada ya sala. Sitawaeleza zaidi ya hapo. Ila niwaambie kwamba mwenye hoteli alikuja, amevaa kanzu aliyoazima ingawa hakuwa wa dini yetu, akasimama nyuma ya watu, na jeneza lilipopita akaomba kuingiza bega. Shomari alimtazama kwa muda, kisha akajisogeza akampa nafasi. Walibeba pamoja mpaka kwenye mikorosho. Kabla kusi halijarudi, yule bwana alileta mtambo akayaondoa mawe ya upande wa bahari, na ile nyumba yake ya kulia chakula akaibomoa mwenyewe akaijenga nyuma. Hakuna aliyemshtaki wala kumwamuru. Nilimuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Mzee, kabla ya siku ile nilijua uzito wa mawe tu."

Mimi nikastaafu. Mama alikuwa amezeeka, anahitaji mtu, nikarudi kumtunza mpaka siku yake ikafika. Baada ya hapo ningeweza kurudi Pwani, lakini shamba lipo, wajukuu wa kaka wapo, na mwili nao umeshaanza kuchagua. Ndiyo maana nipo hapa. Ila mnapopita mnanikuta nimesimama peke yangu kwenye njia ya kisimani baada ya mvua, msidhani mzee amepotea. Maji yakikatika pale, kila kijito kinabaki kimelaza mchanga wake kwa mistari midogo, mmoja nyuma ya mwingine, kama ufuko maji yanapopwa. Nasimama kuitazama. Punda wakishaikanyaga naendelea na safari.

Mwaka huu nimekwenda kuwaona. Nilishikwa na hamu ambayo haikunipa usingizi, nikapanda treni. Zuhura sasa anafundisha palepale Mwamboni, ana mume na watoto. Shomari macho yamefifia, lakini alinijua kwa hatua zangu. "Umevaa viatu," akasema. "Vua."

Tukateremka ufukweni, amenishika bega. Nikamweleza ninachokiona, maana yeye haoni vizuri. Mchanga umerudi. Haujafika ulipokuwa zamani, lakini umerudi, mpana, msafi, na mlakasa umeanza kutambaa upya. Pale palipokuwa na makaburi vijana walikuwa wanacheza mpira.

"Umerudi kweli?" akauliza.

"Kweli."

Nikajua anafikiria nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hilohilo: kwamba kabla ya kurudi, bahari ilikuwa imepita kwanza juu ya mahali pale pote. Akaniminya bega. "Tulifanya vizuri," akasema, na sijamsikia akisema neno lililomgharimu zaidi.

Jioni kabla ya kuondoka nilipanda na Zuhura kwenye mikorosho. Tukasoma dua. Kisha nikamwambia jambo ambalo miaka yote sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia kuhama kwenyewe hakukuniuma kama nilivyodhani. Kilichoniuma ni kwamba mama yake alizaliwa anasikia bahari, akaishi anaisikia, akafa anaisikia, na mimi nikamleta juu huku, kwenye udongo mwekundu mkavu kama wa Tabora, mahali pasiposikika kitu.

Zuhura alinitazama kwa mshangao. "Baba, nani kakwambia hapasikiki? Ulikuwa unakuja siku tulivu. Hebu kaa."

Akanikalisha juu ya gogo, naye akakaa kando yangu. Kuku walikuwa wanaparura chini ya mikorosho. Mbali, mtu alikuwa anapasua kuni. Nikataka kusema kitu, akanishika mkono ninyamaze. Mpasua kuni akapumzika. Kisha kusi likainuka, likapita kwenye majani, na nyuma yake, kwa chini kabisa, nikaisikia ikipanda na kushuka.

Tulikaa pale mpaka mumewe akaja kuniambia gari limefika.